Nikiandika jina langu, ukurasa unaruka

Ndugu mshauri,

Salamu nyingi. Mimi ni mwanamke nisiyeona kabisa. Natumia kompyuta ya Windows, kisoma skrini cha NVDA (programu inayonisomea kwa sauti kilicho kwenye skrini) na kivinjari cha Chrome. Barua na taarifa kwenye programu ya kuandikia naziandika mwenyewe bila tabu. Nikiingia kwenye tovuti ndipo mambo yanapoharibika.

Nilifundishwa kwamba ukurasa wa wavuti unatembelewa kwa Tab, basi mimi ni Tab, Tab, Tab. Nasikia viungo na vitufe, lakini habari yenyewe siisikii, au naipata vipandevipande. Kwenye kurasa kubwa nabonyeza hadi nasahau nilichokuwa nakitafuta.

La pili ndilo linalonichanganya zaidi. Kwenye fomu, mara naandika jina langu linaingia vizuri. Mara nyingine, fomu ileile na kisanduku kilekile, nikianza tu kuandika ukurasa unaruka huku na huko na NVDA inataja vitu ambavyo sikuviomba. Nabonyeza Esc, mara inasaidia, mara haifanyi kitu. Nilidhani kibodi ni mbovu, nikabadilisha kibodi, hali ni ileile.

Tatu, naomba nafasi ya masomo kupitia tovuti ya chuo kimoja. Fomu ni ndefu. Nikifika mwisho nabonyeza kitufe cha kutuma: kimya. Sisikii kosa wala pongezi, na ukurasa haubadiliki. Nikihangaika kidogo naambiwa muda umekwisha, niingie upya, na nilichojaza chote kimefutika. Humohumo kuna tarehe ya kuzaliwa inayofungua kalenda, na vitufe vingine NVDA inavitaja "kitufe" tu, bila jina.

Tena kurasa nyingi za Kiswahili zinasomwa kwa matamshi ya Kiingereza, nabaki kukisia maneno.

Kaka yangu, ambaye ananipenda na sina neno naye, anasema nisijisumbue, nimpe nywila zangu zote awe ananijazia. Lakini yeye hujaza kwa haraka, na mimi sijui kilichoandikwa kwa jina langu. Je, tatizo ni mimi, ni NVDA, au ni tovuti? Na nifanyeje niijaze fomu hii mwenyewe mpaka mwisho?

Wako,
Nimechoka Kujaziwa

*

Dada yangu Nimechoka Kujaziwa,

Salamu nimezipokea. Kibodi yako ya kwanza ilikuwa nzima, na wewe huna kasoro. Kuruka kwa ukurasa na habari zisizosikika vina chanzo kimoja, nacho ni kwamba hukuelezwa namna NVDA inavyofanya kazi ndani ya kivinjari. Kimya cha kitufe cha kutuma ni kosa la tovuti kwa sehemu kubwa, ila njia za kulizunguka zipo. Matamshi ni suala la mipangilio.

Tuanzie kwenye mzizi. Chrome ikishafungua ukurasa, hutengeneza maelezo ya kila kilichomo: hiki kichwa cha habari, hii aya, hiki kiungo, hiki kisanduku cha kuandikia. NVDA huyachukua maelezo hayo na kuyapanga kama hati moja ndefu, kutoka juu hadi chini. Ukibonyeza mshale wa chini unatembea ndani ya hati hiyo, mstari kwa mstari, kama vile uko kwenye programu yako ya kuandikia. Hii tuiite hali ya kusoma. Ndani yake kubonyeza herufi ni kutoa amri: H hukupeleka kwenye kichwa cha habari kinachofuata, K kiungo, B kitufe, E kisanduku cha kuandikia, X kisanduku cha tiki, T jedwali, G picha. Ukishikilia Shift, herufi hizohizo hukurudisha nyuma. Tarakimu 1 hadi 6 hutafuta vichwa vya ngazi hiyo.

Hali ya pili tuiite hali ya kuandika. Hapo NVDA hujiweka kando na kuacha kila herufi ifike kwenye ukurasa wenyewe.

Sasa chukua mtu aitwaye Neema aliye kwenye kisanduku cha jina, lakini NVDA bado iko kwenye hali ya kusoma. Anaandika N: NVDA inaruka hadi maandishi yanayofuata yasiyo kiungo. E: kisanduku cha kuandikia kinachofuata. E tena: kinachofuata baada ya hicho. M: inatafuta fremu. A: inatafuta maoni yaliyobandikwa kwenye maandishi. Herufi tano zimekuwa amri tano, na kisanduku cha jina kimebaki kitupu. Hicho ndicho kinachokupata.

Kwa nini mara iwe hivyo na mara isiwe? Inategemea umekifikiaje kisanduku. Ukifika kwa Tab, NVDA huhamia hali ya kuandika yenyewe. Ukifika kwa mishale, au kwa herufi E au F (F hukupeleka kwenye sehemu yoyote ya fomu), hubaki kwenye hali ya kusoma mpaka ubonyeze Enter. Ndivyo ilivyopangwa tangu kiwandani, na mimi nakushauri usiibadilishe, kwa sababu bila hivyo kila ukipita juu ya kisanduku kwa mshale ungenaswa ndani yake.

Na Esc? Inakurudisha kwenye hali ya kusoma iwapo NVDA ilihama yenyewe, au ulihama kwa kubonyeza Enter juu ya kisanduku. Kama ulilazimisha hali ya kuandika kwa Insert na Space mahali pasipoihitaji, Esc haikutoi. Itabidi ubonyeze Insert na Space tena. Tahadhari moja: ukiwa tayari kwenye hali ya kusoma, Esc huenda kwenye ukurasa wenyewe na inaweza kukufungia dirisha dogo ulilokuwa unalijaza. Kwa hiyo usiibonyeze mara mbilimbili kwa wasiwasi.

Kila hali ina mlio wake. Fungua ukurasa wowote, ubonyeze Insert na Space mara nyingi, taratibu, mpaka masikio yako yatofautishe milio hiyo bila kufikiri. Kama milio haikukai, nenda Insert+Ctrl+B, yafunguke mipangilio ya hali ya kusoma, uondoe tiki kwenye utambulisho wa hali kwa mlio. Kuanzia hapo NVDA itakutamkia hali kwa maneno. Zoezi hili usiliruke. Mtu anayejua saa zote yuko hali gani amemaliza nusu ya safari ya wavuti.

Kibodi yako ikiwa ya kompyuta mpakato ambayo Insert imefichwa nyuma ya Fn, fungua Insert+Ctrl+K uweke Caps Lock iwe ufunguo wa NVDA, ifanye kazi ya Insert. Ukihitaji herufi kubwa, Caps Lock utaibonyeza mara mbili haraka. Kumbuka hilo unapoingiza nywila.

Habari ya Tab sasa ni nyepesi. Tab husimama kwenye vitu vya kubonyezwa au kujazwa tu: viungo, vitufe, visanduku. Aya, vichwa, orodha na majedwali haiyagusi kabisa, kwa hiyo aliyefundishwa Tab peke yake hataisikia habari hata akibonyeza hadi usiku. Ukurasa mpya uingie hivi. Ukishafunguka na NVDA ikaanza kusoma yenyewe, inyamazishe kwa Ctrl. Insert+T ikutajie jina la ukurasa, ujue uko ulikokusudia. Bonyeza 1; tovuti nyingi zilizotengenezwa vizuri huweka kichwa kikuu hapo. Kikikosekana, tembea kwa H. Ukifika panapokuhusu, Insert na mshale wa chini husoma mfululizo (kwenye mpangilio wa kompyuta mpakato ni Insert+A). Kama unajua neno unalolitafuta, usitembee kabisa: Insert+Ctrl+F, andika neno, Enter, kisha Insert+F3 kwa tokeo linalofuata.

Ipo pia Insert+F7, inayokusanya viungo, vichwa, visanduku vya fomu, vitufe na maeneo ya ukurasa kwenye dirisha moja lenye sehemu ya kuchuja. Andika kwenye sehemu hiyo herufi chache za jina la kiungo, orodha itapungua papo hapo. Shikilia Insert barabara, kwa maana F7 peke yake huifanya Chrome ikuulize kama uwashe kutembea ukurasani kwa kishale chake, jibu hapana.

Usijaribu kukariri herufi zote kwa pamoja. H, F, B na Insert+F7 zinatosha kwa kazi nyingi. Nyingine zitakuja zenyewe utakapozihitaji.

Turudi kwenye fomu yako. Usianze kuijaza. Ipitie kwanza yote kwa mshale wa chini, kwenye hali ya kusoma, kwa sababu maelekezo kama "namba iandikwe bila nafasi" au "faili lisizidi megabaiti mbili" mara nyingi hukaa kwenye aya ya kawaida kati ya visanduku, na Tab inayaruka. Jua fomu ina kurasa ngapi na ni nyaraka gani zitakazodaiwa. Majibu marefu, barua ya maombi, majina ya wadhamini, yote yaandike kwenye Notepad, yahifadhi, kisha uyanakili na kuyabandika. Hiyo ndiyo kinga ya kweli dhidi ya muda kuisha: ukitolewa, unarudi na kubandika.

Kujaza kwenyewe kunakwenda hivi: F hadi kisanduku, sikiliza jina lake, Enter, andika, Esc, kisha mshale wa chini mara moja au mbili kusikia kama kuna onyo, halafu F tena. Ni polepole kuliko Tab, nakubali, lakini husukumwi kupita kitu usichokisikia. Ukishaizoea fomu, Tab itakuwa sawa. Orodha ya kuchagua moja, kama ya mkoa au kozi, ifungue kwa Alt na mshale wa chini kabla ya kuchagua, tembea, kisha thibitisha kwa Enter. Ukiichezea ikiwa imefungwa, kila mshale unabadilisha jibu, na baadhi ya kurasa hujipakua upya kwa kila badiliko. Faili la kuambatisha nalo lina njia ya mkato kwenye Windows 11: lisimamie kwenye folda, Ctrl+Shift+C kunakili anwani yake, rudi kwenye fomu, bonyeza kitufe cha kuchagua faili, bandika kwa Ctrl+V, Enter. Hakikisha jina la faili linasikika ukurasani baada ya hapo, lisiposikika, halikupokelewa.

Kitufe cha kutuma kinaponyamaza, mara nyingi sana kosa limetokea na limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya fomu au chini ya kisanduku husika, ila mtengenezaji hakuliwekea alama ya kuviarifu visoma skrini. Anayeona ameshaliona, NVDA haikuambiwa kwamba kuna jipya. Basi lifuate wewe. Ctrl+Home ikurudishe juu, ushuke kwa mishale mistari ya mwanzo. Hakuna kitu? Tafuta kwa Insert+Ctrl+F maneno kama "lazima", "sahihi", "kosa", na ya Kiingereza "required", "invalid" na "error", maana ujumbe wa makosa aghalabu huachwa kwa Kiingereza hata kwenye tovuti ya Kiswahili. Kisha pita kwa F kisanduku kimoja kimoja. Kilichotengenezwa vizuri kitatajwa kwamba kina ingizo batili.

Sababu nyingine ni kisanduku cha tiki cha kukubali masharti. Kisipowekwa tiki, kitufe cha kutuma hufungwa, na NVDA huongeza neno la kuonyesha kwamba hakipatikani. Sikiliza jina la kitufe hadi mwisho kabla ya kukibonyeza. X hukupeleka kwenye tiki, Space huiweka.

Au dirisha dogo limefunguka likiuliza "una uhakika?", lakini kibodi haikupelekwa huko. Kwenye hati ya NVDA dirisha la namna hiyo mara nyingi liko mwisho kabisa. Ctrl+End, panda kwa mshale wa juu. Maswali ya vidakuzi nayo hujificha hukohuko, au mwanzoni kabisa, na yasipojibiwa yanaweza kuziba ukurasa mzima.

Ikiwa unahisi ukurasa umebadilika lakini unasomewa yaleyale ya zamani, Insert+F5 huilazimisha NVDA ijenge hati upya. Hili halipakui ukurasa kutoka mtandaoni, kwa hiyo halifuti ulichojaza. Usiichanganye na F5 peke yake, ambayo hupakua upya na inaweza kufuta vyote.

La mwisho, kitufe chenyewe kinaweza kuwa maandishi yaliyopakwa sura ya kitufe, yanayosikia kipanya tu. Simama juu yake kwenye hali ya kusoma na ubonyeze Enter. NVDA itajaribu kukibofya kwa niaba yako. Kikigoma, peleka kipanya hapo: Insert na alama ya mkwaju ya pedi ya namba, kisha mkwaju peke yake kubofya. Kwenye mpangilio wa kompyuta mpakato ni Insert+Shift+M, kisha Insert na mabano ya mraba ya kufungua.

Vitufe visivyo na jina vina ugumu wake, kwa sababu NVDA haiwezi kutaja jina ambalo halikuandikwa. Sikiliza kilicho kabla na baada yake. "Kitufe" kilicho mara tu baada ya kisanduku cha tarehe kwa kawaida ndicho cha kalenda. Kilicho baada ya nywila huwa cha kuifichua. Kama ni picha yenye maneno, Insert+R husoma maneno yaliyo ndani ya picha kwa kutumia uwezo wa Windows. Kwenye alama ya mchoro mtupu haitasaidia, na kwenye fomu ya maombi sikushauri ubonyeze usichokijua kabla hujahifadhi.

Kalenda iache kama unaweza. Rudi kwenye kisanduku chenyewe na ujaribu kuandika tarehe moja kwa moja. Kikiwa ni kile cha kivinjari, kitakuwa na sehemu tatu zinazotajwa siku, mwezi na mwaka, na unahama kwa mshale wa kulia. Sikiliza mpangilio wake, dada: Chrome iliyowekwa kwa Kiingereza cha Marekani hutanguliza mwezi, na aliyezaliwa tarehe 4 mwezi wa 7 anaweza kuandikishwa amezaliwa tarehe 7 mwezi wa 4 bila kosa lolote kutajwa. Kama tovuti inalazimisha kalenda yake, ingia hali ya kuandika. Kwenye kalenda zilizofuata taratibu, mishale ya kulia na kushoto hubadilisha siku, ya juu na chini wiki, Page Up hurudisha mwezi na Shift+Page Up hurudisha mwaka. Bila hiyo ya mwaka, kuifikia tarehe ya kuzaliwa ya mtu mzima ni adhabu.

Matamshi ya Kiingereza mara nyingi yanatokana na ukurasa kuandikwa kwa Kiswahili huku ndani yake umetangazwa kuwa wa Kiingereza. NVDA inalitii tangazo hilo. Insert+Ctrl+S uchague eSpeak NG, programu ya sauti inayokuja pamoja na NVDA na inayojua Kiswahili. Kisha Insert+Ctrl+V, chagua sauti ya Kiswahili na uondoe tiki kwenye kubadili lugha kiotomatiki. Sauti yake ni kavu na itachukua muda kuizoea, lakini silabi zitatoka sawasawa. Kasoro ni kwamba kurasa za Kiingereza nazo zitasomwa kwa matamshi ya Kiswahili. Kwa hiyo usibadilishe mipangilio ya kawaida. Fungua Insert+Ctrl+P, tengeneza wasifu mpya (seti ya mipangilio ya pembeni) wa kuwashwa kwa mkono, ufanye mabadiliko hayo ukiwa ndani yake, kisha kwenye dirisha la amri za kibodi upe wasifu huo mkato wake. Utabadilisha lugha kwa mguso mmoja.

Wasomaji wanaotumia JAWS, kisoma skrini kingine: mambo haya mnayo pia. Insert+Z huzima na kuwasha usomaji wa hati, Insert+F6 huorodhesha vichwa, Insert+F7 viungo, Insert+F5 visanduku vya fomu. Kwenye Narrator, kisoma skrini cha Windows yenyewe, Caps Lock na Space ndiyo inayobadili hali.

Kuhusu kaka yako. Nia yake ni njema na msaada wake unakufaa, ila nywila usimpe. Fomu ya maombi ni kauli yako. Kosa lililomo ni wewe utakayeulizwa. Mwombe macho, mikono iwe yako. Akae pembeni akwambie "ujumbe mwekundu uko chini ya namba ya simu" au "kitufe kile kina alama ya kalenda", nawe ubaki kwenye kibodi. Mkimaliza, pitia fomu yote kwa mshale wa chini kabla ya kutuma. Kwenye hali ya kusoma NVDA husoma na kilichoandikwa ndani ya kila kisanduku. Nywila zihifadhi kwenye kivinjari ili usizichape kila mara. Ukiwa mahali penye watu, NVDA ina pazia la skrini kwenye mipangilio yake: skrini inakuwa nyeusi tii, wewe unaendelea kusikia. Ulizime tu unapotaka kaka aangalie, au unapotumia Insert+R.

Chuo nacho kiandikie, hata ukifanikiwa kutuma. Malalamiko ya "tovuti yenu haifanyi kazi kwa wasioona" hayamsaidii fundi. Mwandikie namna hii:

"Kwenye ukurasa wa tatu wa fomu ya maombi, nikitumia NVDA na Chrome kwenye Windows, nikibonyeza kitufe cha kutuma huku namba ya simu ikiwa na kosa, ujumbe wa kosa unaonekana lakini hausomwi. Kitufe kinachofuata baada ya tarehe ya kuzaliwa hakina jina. Muda wa kukaa ndani unakwisha bila onyo. Naomba makosa yatangazwe, vitufe vipewe majina, na niweze kuongeza muda."

Taja na toleo la NVDA, utalipata kwenye menyu yake kwa Insert+N, sehemu ya msaada. Mkumbushe mwongozo wa WCAG, wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, wa shirika la viwango vya wavuti la W3C, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Kipengele 3.3.1 kinataka kosa litajwe kwa maandishi, 4.1.3 kinataka ujumbe wa namna hiyo ufike kwa kisoma skrini bila mtu kuufuata, 4.1.2 kinadai kila kitufe kiwe na jina. Muda uko kwenye 2.2.1: njia mojawapo ya kukitimiza ni kumwonya mtumiaji, kumpa angalau sekunde 20 za kuongeza muda kwa tendo rahisi kama kubonyeza Space, na kumruhusu afanye hivyo angalau mara 10. Fundi akipewa namba hizi hana pa kuanzia kukisia.

Na katika barua hiyohiyo, kama tarehe ya mwisho iko karibu, omba kwa maandishi wapokee maombi yako kwa barua pepe iwapo fomu itaendelea kukukatalia. Hifadhi nakala ya barua na tarehe uliyoituma.